Flowerbomb au Good Girl: nilivyochagua manukato ya harusini

Harusi ya mdogo wangu ilipokaribia hapa Unguja, nilitaka manukato matamu, ya maua, na yenye nguvu. Nilibakiwa na mawili: Flowerbomb ya Viktor & Rolf, iliyotoka 2005 katika chupa yenye umbo la guruneti, na Good Girl ya Carolina Herrera ya 2016, ile ya kiatu cha kisigino kirefu.

Kwenye kikaratasi cha kunusia cha dukani Flowerbomb ilishinda papo hapo. Inaanza na chai na uchachu kidogo wa machungwa, kisha waridi, frizia na okidi, na chini yake pachuli, jani lenye harufu nzito ya udongo, na vanila. Nzuri mno! Lakini kikaratasi hakina joto wala jasho, na huku kwetu wakati wa kaskazi ngozi hubadilisha kila unachojipaka. Basi nikajipulizia kila moja siku yake, kwenye kifundo cha mkono, bila kusugua, nikaenda zangu na shughuli. Harufu ya mwanzo sikuitia maanani, maana hiyo hupita upesi pamoja na spiriti. Nilinusa adhuhuri, nikanusa tena magharibi.

Juani Flowerbomb iligeuka utamu mtupu. Pachuli ikapanda, maua yakazama, na ndani ya daladala ikanichosha mwenyewe. Good Girl nayo si ya upole: ina lozi na kahawa, halafu tuberozi, ua jeupe lenye harufu nzito. Ila ikishatulia, kinachobaki ni asmini, tena asmini sambac, hii hii yetu ya kwenye vikuba, vile vishada vya maua vya kujipambia.

Jaribio lililoamua ni la udi. Nguo zetu za harusi hufukizwa, kwa hiyo manukato lazima yapatane na moshi. Nilifukiza mitandio miwili kwenye chetezo kimoja, kila mmoja nikaupulizia manukato yake, nikaitundika mpaka asubuhi. Ule wa Flowerbomb ulinuka kama halua iliyoshika chini ya sufuria. Ule wa Good Girl, kakao na tonka, mbegu yenye harufu kama ya vanila, viliupokea udi vizuri kabisa. Nikampa shangazi anuse bila kumwambia upi ni upi.

“Huu una asmini, mwanangu,” akasema. “Vaa huu.”

Kabla ya kulipa nililinganisha namba iliyopigwa chini ya chupa na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, huenda ni ya bandia; rudisha chupa uondoke, hata muuzaji akikupunguzia bei. Usiku wa harusi nilijipulizia mara moja nyuma ya shingo na mara moja kwenye pindo la nguo, basi. Ukumbi uliojaa watu na udi hauhitaji zaidi ya hapo, na wenzako nao wanataka kupumua.

Flowerbomb bado naipenda. Nikienda Arusha mwezi wa Julai, kwenye baridi, nitaijaribu upya.