Kulia, kushoto

Simu ya Mama Ambokile ilinikuta bado nimejifunika blanketi mbili, saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa Julai ya Tukuyu, na aliyewahi kuogea nje huku mwezi huo hahitaji maelezo. "Dokta, Pili amelala tangu jana jioni, hainuki. Njoo na sindano."

Mimi si daktari. Nina stashahada ya afya ya mifugo niliyoisomea Uyole, lakini huku Rungwe ukifika na begi na mabuti wewe ni dokta tu, na nimechoka kukanusha.

Pili, ng'ombe wake wa maziwa, alikuwa na siku mbili tangu azae, uzao wake wa nne. Nilimkuta shingo imepinda, kichwa amekilaza ubavuni, masikio yamepoa kama chupa ya soda. Kipimajoto kilisoma 37.4, na ng'ombe mzima huwa kwenye 38.5 hivi. Homa ya maziwa. Jina la ajabu, kwa sababu homa yenyewe haipo: maziwa yanapoanza kutoka yanachota kalsiamu kwenye damu kwa kasi ambayo mwili haujaweza kuifidia, misuli inalegea, mnyama anakaa chini.

Nikaomba maji ya moto. Mama akaniangalia. "Ya chai?"

"Ya chupa, mama."

Kalsiamu iliyolala kwenye begi usiku wa Julai huwezi kumwingizia mnyama ambaye tayari anapoa. Nikaizamisha kwenye ndoo mpaka ikapata joto la mwili, ndipo nikatafuta mshipa wa shingo. Ikaenda polepole, robo saa nzima, stetoskopu ikiwa kifuani kwake muda wote, maana ukiiharakisha dawa hiyohiyo inasimamisha moyo. Akaanza kutetemeka. Akabeua, akakojoa, akaangusha mavi. Mimi hapo hufurahi kuliko nikipewa asante. Lakini kusimama, hakusimama.

Wengi wetu hapo hufunga begi. Mimi mwenyewe nililifunga mwaka juzi, kwa mzee mmoja ambaye banda lake lina sakafu ya saruji tupu. Niliporudi kesho yake masikio ya ng'ombe yalikuwa na joto zuri na macho yanang'aa, ila mguu alioulalia usiku kucha haukuwa na kazi tena. Uzito wake mwenyewe ulikuwa umeiua misuli. Akaishia buchani, na mzee akatangaza kilabuni kwamba dawa zangu zimeisha muda. Sikubisha. Dawa ilikuwa nzima, mbovu nilikuwa mimi niliyeondoka bila kusema neno "mgeuzeni".

Baada ya hapo nikaanza kusoma usiku kwenye simu. Kuna utafiti wa Australia, jimbo la Victoria, uliochapishwa 2016, wa ng'ombe wa maziwa walioshindwa kuinuka mashambani. Waliotunzwa vizuri, maana yake kitanda laini, kinga ya upepo, kugeuzwa, maji na majani karibu na mdomo, walipona wengi zaidi kuliko waliotunzwa ovyoovyo. Na mara nyingi kilichoamua si ugonjwa uliowalaza bali madhara ya kule kulala. Niliisoma sehemu hiyo nikamkumbuka yule mzee.

Uingereza kazi hii ya kuuguza wanyama ina watu wake kabisa. Mpango rasmi wa kuwafunza ulianza 1961, mwaka wetu wa uhuru, ila hawakuitwa wauguzi hadi 1984 kwa sababu sheria ililihifadhi jina hilo kwa wauguzi wa binadamu. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, nami naiheshimu, lakini jaribu kumwandikia mfugaji risiti yenye mstari "kumgeuza ng'ombe" uone. Sindano analipa bila kubisha. Nikikaa saa tatu bandani kwake, anadhani sina pa kwenda.

Basi tukakata majani makavu ya migomba, mizigo minne, tukamtandikia Pili mpaka goti lisiguse udongo. Tukafunga turubai upande unaopiga upepo. Nikamwonyesha Mama Ambokile na mjukuu wake jinsi ya kumkalisha kwa kifua, wasimwache alale ubavu akavimba tumbo, kisha kuuvuta mguu wa chini na kumsukuma kiuno aangukie upande wa pili. Kila saa mbili. Mama akaniuliza nani atakesha. Nikamwambia tumbo la ng'ombe halijui usiku. Akacheka kidogo, akasema basi atakesha kijana.

Kijana ana miaka kumi na mitatu na hana daftari la kuchezea, kwa hiyo akaandika ukutani kwa mkaa. L kwa kulia, S kwa kushoto.

Niliporudi asubuhi Pili alikuwa amesimama, miguu ya nyuma imepanuka, anatafuna matete kana kwamba sisi ndio tuliomchelewesha. Mama alikuwa anamkamua kidogo tu, chuchu kwa chuchu, kama nilivyomwagiza. Nikaenda ukutani kusoma. L, S, L, S, kisha nafasi tupu, kisha S.

"Saa nane ya usiku imekwenda wapi?"

Kijana akatazama buti zangu. "Nililala, dokta. Lakini nilipoamka nilimgeuza mara mbili."

Nimeinakili hivyohivyo kwenye daftari langu, pamoja na ile nafasi tupu.