Daftari lililonisaidia kujua kinachoniuma

Kwa miaka saba maumivu yangu yalibadilishwa majina. Nyumbani yaliitwa chango, na tiba yake kila mtu aliijua: ukizaa yataisha. Hospitalini yakaitwa vidonda vya tumbo, kisha amiba, kisha maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo nilitibiwa mara tatu ilhali mkojo ukipimwa hauna kitu. Siwalaumu sana. Kila nilipokwenda nilitaja panapouma siku hiyo tu.

Aliyenizindua ni muuguzi mmoja aliyeniuliza hedhi yangu ya mwisho ilianza lini. Sikukumbuka. Akaniambia niwe na daftari.

Mwezi wa kwanza niliandika namba tupu za ukali wa maumivu, kati ya kumi: saba, nane, saba. Hazikumsaidia yeyote. Baadaye nikaanza kuandika siku ya ngapi ya mzunguko, wapi panauma, choo kilikuwaje, dawa gani nimemeza na nini kimenishinda kufanya. Baada ya miezi minne hata mtoto angeona. Siku mbili kabla ya damu, kwenda haja kubwa kulikuwa kama kukatwa na wembe, na kile kilichoitwa maambukizi ya mkojo kilikuja siku zizo hizo. Bakteria gani hao wanaofuata kalenda?

Daktari wa magonjwa ya wanawake alisoma kurasa zote kimya, kisha akauliza kama naumia wakati wa tendo la ndoa. Naam. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami niliona haya kulisema.

Ultrasaundi ikatoka safi. Nililia, maana nilitamani kionekane kitu, chochote. Akanieleza kwamba endometriosisi ni tishu inayofanana na ile ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, ila inaota nje yake. Ikiwa uvimbe kwenye ovari, kipimo huuona. Ikiwa madoa madogo kwenye utando wa tumbo, mara nyingi hupita bila kuonekana. Tukajaribu vidonge vya homoni kwanza. Vilipunguza makali lakini havikutosha, ndipo tukakubaliana laparoskopi: nusu kaputi, matundu madogo, kamera. Nilipozinduka bega liliuma kuliko tumbo nikadhani ni moyo, kumbe ni ile gesi wanayojazia tumbo. Wangeniambia mapema!

Vinyama vilivyopelekwa maabara vilithibitisha. Madoa yalikuwa nyuma ya mfuko wa uzazi, hatua ya pili kati ya nne. Niliona aibu kwamba ni "ya pili tu", mpaka daktari aliposema hatua haipimi maumivu.

Ila maumivu ya nyonga ya kulia hayakufuata kalenda hata mwezi mmoja, na daftari ndilo lililoonyesha hivyo. Mtaalamu wa fiziotherapia alikuta misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi kwa chini, imekaza, pengine kwa miaka ya kujikunja. Hiyo naifanyia mazoezi. Daftari sasa ni la tatu, na ukurasa wa jana una mstari mmoja.