Kutu kwenye vipande vya Mererani, ndimu iache jikoni

Jamani watu wa mawe, kuna hii tabia mtu akiona kutu kwenye kipande chake cha madini ya Mererani (kule Tanzania inakochimbwa tanzanaiti) anakimbilia ndimu au siki, tena analoweka usiku kucha. Kutu inapungua kweli, ila kama tanzanaiti yako imekaa juu ya kalsaiti, yale madini meupe laini, siki inaila: unaona vipovu vinapanda, asubuhi uso uliokuwa unang'aa umefifia kama chaki. Kalsaiti ugumu wake ni 3 tu kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, hata brashi ya waya inaichana.

Mi naanza na maji ya betri (yale masafi yasiyo na chumvi, sio asidi, msije mkaniua bure), mswaki laini wa mtoto na kijiti cha meno kwa kwenye nyufa, pole pole. Asidi ya oksaliki, ile ya kutoa kutu, ni ya kwatzi tupu (lile jiwe gumu kama kioo), ndoo ya plastiki, nje, glavu mkononi maana ni sumu, halafu suuza sana. Mashine ya mtetemo ya kusafishia ya masonara sahau kabisa, tanzanaiti inapasuka kirahisi, maji ya moto vilevile. Na ule weusi wa grafaiti (madini kama ya ndani ya penseli) si uchafu bana, uacheni.