Violeti mbili za Tanga: mradi ulipofikia

Masika yamepungua, njia ya Amani inapitika tena, kwa hiyo naandika nilipofika kabla sijapanda mlima tena.

Kwa wasiojua: nataka niweze kutenganisha, kwa macho na lenzi ya mkononi tu, violeti mbili za porini za mkoa wetu. Moja ni aina iitwayo ionantha, ya chini pwani, inayoota kwenye nyufa za mawe ya chokaa karibu na mji wa Tanga. Nyingine ni grotei, ya misitu ya Usambara Mashariki, huko Amani. Bustani za dunia nzima zimejaa wajukuu wa mimea hii, ila porini imebaki vipande vipande, mwamba huu ipo, ule haipo.

Rangi ya ua nimeiweka kando. Zambarau ni zambarau. Ukinichanganyia picha za maua peke yake sikwambii lipi la wapi. Petali tano, vifuko viwili vya chavua vya manjano, na kile kijiti cha kike kilichopinda pembeni, ua moja kushoto, jingine kulia. Huo mpindo ulinichukulia muda mwingi, nikaupigia picha kweli kweli. Haubagui aina. Ni mambo ya ua na nyuki wake tu.

Aliyenifungua macho ni mzee anayenitembeza msituni. Aliniona nimeinamia ua na lenzi, akacheka: “Bwana mdogo, ua litakupoteza. Tazama mguu wake.” Akafunua majani makavu kwa kijiti. Grotei ina shina refu linalotambaa juu ya jiwe, linashika mizizi huku linasonga mbele, na jani lake la mviringo linaning'inia kwenye kikonyo kirefu. Ile ya chini hujikusanya: majani yamepangana duara, shina fupi huoni. Shida ni miche. Grotei changa nayo hukaa duara, bado haijaanza safari.

Ndiyo maana sasa nawinda matunda. La ionantha ni fupi na nene, limevimba tumbo. La grotei ni jembamba na refu. Tofauti ya matunda si habari mpya hata kidogo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku kwetu, alimpelekea baba yake Ujerumani violeti hizi, na mwaka 1893 Hermann Wendland akazipa jina Saintpaulia ionantha. Mzigo ule ulikuwa na za pwani na za mlimani pamoja, na zikauzwa kwa jina moja. Waliozitazama kwa makini waliona matunda hayafanani.

Kuhusu majina: mwaka 2006 grotei ilishushwa ikawa nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi, ya ionantha, na mwaka 2015 ukoo mzima wa Saintpaulia ukaingizwa ndani ya ukoo mwingine, Streptocarpus. Kwenye lebo za picha naandika jina jipya. Mdomoni nabaki na la zamani, na mzee wangu hayamhusu yote mawili.

Vinyweleo vya jani bado navifanyia kazi. Jani likiwa na maji huonekana kama halina kitu. Likikauka, mwanga wa pembeni wa asubuhi unaonyesha virefu na vifupi vimechanganyika. Simu yangu haivishiki, lenzi inavishika. Navichora kwa penseli.

Sichumi kitu, na miamba yenyewe siitaji hapa, msiniulize hata kwa ujumbe wa pembeni. Kuna wanaong'oa.

Picha nyingi zimeshapata folda yake. Zilizobaki ni za miche ya bonde la mto Zigi, katikati ya pwani na mlima, ambayo haijatambaa wala haijazaa. Tunda huchukua miezi kukomaa, kwa hiyo nitaipitia tena wakati wa vuli, nikiwa na lenzi na kitambaa kikavu cha kufutia majani.