Bibi na droo za Los Pinos

Juzi tunatoka Feri na mfuko wetu wa vibua, bajaji inapita Magogoni, binti yangu akachomoa simu apige picha ukuta wa Ikulu, nikamnyang'anya mbio. "Kwani mama, mle ndani kuna nini?" Nikakosa jibu, dereva anacheka tu.

Ndo nikaikumbuka Los Pinos, iliyokuwa ikulu ya Mexico. Mexico City, Desemba 2018, ile safari ya semina niliyorudi na pilipili begi zima. Rais mpya, López Obrador, kaapishwa tarehe 1, na siku hiyohiyo geti likafunguliwa kwa wananchi, yeye akasema hakai pale, pawe kituo cha utamaduni, kiingilio bure. Marais walikuwa wanakaa humo tangu miaka ya 30, wa kwanza Cárdenas, aliyehamia pale kwa sababu aliona kasri la Chapultepec limezidi fahari. Yani nyumba ya kukwepa makuu ndo ikaja kuwa makuu yenyewe, haya bwana.

Foleni acha kabisa. Ndani, kwenye jumba la Miguel Alemán, vyumba vikubwa halafu vitupu, samani hamna, watu wanatembea wakinong'ona kama wako msibani. Nikajikuta kwenye chumba cha makabati ya nguo. Kulikuwa na bibi mmoja, kajitanda shali, kikapu cha sokoni mkononi. Anavuta droo, anachungulia, anairudisha taratibuuu kama kuna mtu kalala, anahamia nyingine. Tupu. Nyingine, tupu. Hakuruka hata moja. Ya mwisho akanigeukia, akasema "Nada", hamna kitu, akacheka, meno ya mbele hana.

Nikainua simu nimpige picha, mara mlinzi huyu hapa, kanyoosha mkono. Moyo paa! Nikampa simu bila kubisha, huku natafuta Kihispania cha kuombea msamaha, kumbe anataka atupige wote wawili.

Picha ninayo mpaka leo. Bibi anacheka, mimi mikono nimeibana ubavuni kama mtu aliyekamatwa.

Jioni ile nikamwonyesha binti. Akaikuza, akaziangalia zile droo.

"Kwa hiyo hakukuwa na kitu?"

"Hakukuwa na kitu."

"Sasa mama, mbona wewe umeogopa?"

Bahati nzuri vibua vilikuwa vimeanza kunukia kuungua, nikakimbilia jikoni.