Paswedi sahihi, seva inakataa: nilivyolitatua chuoni Iringa

Mtu anapoambiwa "paswedi si sahihi" na ana hakika ameiandika vizuri, msikilize kwanza. Nasimamia mtandao wa chuo kimoja hapa Iringa. Novemba, wiki ya kufungua chuo, karibu kila aliyejaribu kuingia kwenye Wi-Fi alikutana na maneno hayo. Wanafunzi wapya kutoka Makete, Ludewa na Mufindi walikuwa wanahangaika kusajili kozi, na wenye mkopo walitaka kusaini boom, yaani pesa ya kujikimu. "Shikamoo kaka. Nimeandika kama ilivyo kwenye karatasi, inakataa," binti mmoja aliniambia, akanipa na simu yake niione. Nilimwomba aandike tena mbele yangu, herufi moja moja. Alikuwa sahihi kabisa.

Wenzangu ofisini walitaka tubadilishe paswedi za watu wote. Nilikataa. Hatukuwa tunajua bado seva inalalamikia nini, na kuwapanga tena wanafunzi foleni kwa ajili ya paswedi mpya ambazo nazo zingekataliwa ni kuwaonea.

Kwa kifupi, simu hupeleka jina na paswedi kwa ruta, ruta humuuliza RADIUS, yaani seva inayohakiki watumiaji, kupitia poti 1812, naye hujibu akubali au akatae. Sisi tunatumia programu ya FreeRADIUS kwenye Linux. Nilianzia palepale kwenye seva kwa akaunti ya majaribio, nikatumia amri ya radtest, inayoituma seva ombi la majaribio. Jibu: Access-Accept, yaani imekubali. Hapo ni rahisi mtu kusema seva ni nzima, akahamia kwenye ruta na kuanza kuizima na kuiwasha. Ila radtest usipoielekeza vingine hutumia PAP, njia inayopeleka paswedi yenyewe kwa seva, na ukurasa wa kuingilia wa hosteli zetu ulikuwa umepangwa kwa CHAP, njia nyingine isiyoipeleka. Nikarudia amri ileile nikiongeza -t chap. Access-Reject, yaani imekataa.

Sasa nikasimamisha huduma na kuiwasha upya kwa freeradius -X, ili seva iandike kwenye skrini kila inachofanya. Ukifanya hivyo jihadhari: paswedi za watu zinazokuja kwa PAP huonekana wazi, kwa hiyo nilifunga mlango na kuielekeza skrini ukutani. Maandishi hupita mengi, lakini mstari niliokuwa nautafuta ulikuwepo: CHAP ilidai Cleartext-Password, yaani paswedi ghafi, na databesi haikuwa nayo.

Kisa chenyewe kilikuwa hapo. Muhula huu akaunti zilihamishwa kutoka mfumo wa wanafunzi, na paswedi zake zimehifadhiwa kama hashi, yaani alama zilizokokotolewa kutoka kwenye paswedi, jambo jema kabisa, maana databesi ikiibiwa mwizi hapati paswedi zenyewe. Lakini katika CHAP paswedi haisafiri. Mtumiaji hupewa namba ya bahati nasibu, anaichanganya na paswedi yake kwa kanuni ya hesabu iitwayo MD5, kisha anapeleka matokeo. Seva nayo lazima ifanye hesabu hiyohiyo ili ilinganishe, na haiwezi bila paswedi ghafi. Hashi hairudi nyuma. Hata ungeandika paswedi kwa usahihi namna gani, ungekataliwa.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuhifadhi paswedi zikiwa ghafi. Hiyo sikuijadili hata dakika moja, kwa sababu watu wengi hutumia paswedi ileile kwenye barua pepe na kwingineko. Ya pili ni kuhamia PAP, ambako seva hupokea paswedi yenyewe, huitengenezea hashi na kulinganisha. Kasoro ya PAP ni kwamba ukurasa wa kuingilia ukiwa wa HTTP tupu, paswedi hupita hewani bila kufichwa. Kwa hiyo niliweka kwanza kwenye ruta cheti cha HTTPS, inayoficha mawasiliano, nikajaribu kwa simu kadhaa, ndipo nikaizima CHAP. Hosteli zikafunguka jioni ileile.

Maktaba ikabaki. Huko kuna ruta nyingine, na wote waliendelea kukataliwa. Nikarudi kwenye -X, nikaingia kwa akaunti ya majaribio nikiwa maktaba. Jina la mtumiaji lilifika zima, ila paswedi ilikuwa mchanganyiko wa namba na alama zisizosomeka. Ukiona hivyo, angalia siri ya pamoja kati ya ruta na seva, kwa sababu ndiyo inayotumika kuificha paswedi ya PAP njiani. Zikitofautiana, seva hufumbua takataka. Aliyefunga ile ruta alinakili siri kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp, ikabeba nafasi tupu mwishoni. Kwa macho huioni. Niliifuta yote, nikaiandika upya kwa mkono pande zote mbili, nikaona Access-Accept.

Nikiwa bado humo, nilishughulikia jambo moja zaidi. Julai 2024 watafiti walitangaza udhaifu wa RADIUS uitwao Blast-RADIUS, unaomwezesha mtu aliyejipenyeza kati ya ruta na seva kugeuza jibu la kukataa likawa la kukubali. PAP na CHAP zote zinaguswa. Nilisasisha seva na ruta, nikalazimisha kila ombi liwe na Message-Authenticator, muhuri wa kuonyesha halikuchezewa njiani, na mawasiliano ya ruta na seva nikayahamishia kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa, ambako kompyuta ya mwanafunzi haifiki.