Pamba Ndani ya Kopo

Julai 2021 upepo wa Dodoma ulikuwa ule wa kupasua midomo. Nilikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi, nimepangiwa wodi ya wanaume, na darasa zima tuliogopa hewa. Korona ilikuwa imetutawala. Tulivaa barakoa mbilimbili, tukajifukiza, tukatafuna tangawizi mpaka ulimi ukafa ganzi. Sindano za wodini? Nani alikuwa na habari nazo.

Asubuhi moja, kwenye saa tatu, raundi imekwisha, nikaambiwa nisafishe trei. Pamba zilizotumika, glavu, makaratasi ya kanula. Nikazoa vyote kwa mkono mmoja. Chini ya pamba kulikuwa na sindano ambayo mtu aliiacha hapo, na boksi la usalama lilikuwa hatua mbili tu kutoka aliposimama. Ikapenya glavu kama vile haipo, ikaingia kidole cha shahada.

Haikuuma sana, na hilo linanishangaza hadi leo. Nilivua glavu, nikaona tone jekundu dogo kama punje ya mtama, kisha nikageuka kutazama kama kuna aliyeniona.

Ya darasani niliyajua yote: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa. Swali hilo nililipata hata kwenye mtihani. Lakini pale kwenye sinki nilikikamua kidole kama ndimu, na taarifa sikuitoa. Nikamaliza zamu. Nilichokiogopa hasa si kirusi. Niliogopa kuonekana naingia mlango wa CTC, kliniki ya wenye VVU, na sare yangu, mchana kweupe, wenzangu wakipita kwenda kununua chipsi.

Alfajiri, baada ya usiku wa kugeukageuka, nikampigia dada mmoja wa mwaka wa tatu. Hakunipa pole. Aliuliza, "Ilikuwa saa ngapi?" Nikahesabu: saa 20 zimepita. "Basi vaa twende, mdogo wangu. Mwisho wa kuanza dawa za kuzuia VVU ni saa 72, na ungeanza ndani ya saa mbili ingekuwa bora zaidi. Utalia njiani."

Nililia kweli, juu ya bodaboda, kutoka Makulu mpaka mjini.

Muuguzi tuliyemkuta alikuwa mama wa makamo. "Mbukwa," akanisalimia, kana kwamba nimekuja kuomba chumvi. Alinipima VVU, sina. Kwa kuwa haikujulikana sindano ilimchoma nani kabla yangu, ikabidi ninywe dawa siku 28 kamili. Nikashusha pumzi. Ndipo akauliza, "Na homa ya ini B, umechanja?"

Dozi moja tu kati ya tatu. Ya pili niliikwepa kwa sababu ya hela na uvivu, zaidi uvivu.

Akavua miwani. Akanieleza kwamba wakichomwa watu 1,000 kwa sindano yenye damu ya mwenye VVU asiyetumia dawa, wanaoambukizwa ni kama watatu. Kwa homa ya ini B, asiyechanjwa anaweza kufikia 30 kwa kila 100. "Unamlilia nyoka wa porini, mwanangu, na nge umemkalia." Sikutoka pale bila kuchomwa dozi ya pili. Vipimo vya baadaye vilikuwa salama, vya VVU na vya ini.

Shida ikawa kopo. Chumbani tulikuwa wanne, na vidonge vikilia chakacha kila anayeishi nchi hii anajua ni vya nini. Nikajaza pamba juu yake, nikalificha chini ya kanga. Kila saa tatu usiku nilijifanya naenda kupiga mswaki.

Siku ya kumi na kitu, taa zimezimwa, mwenzangu wa kitanda cha juu akasema polepole, "Umebakiza vingapi?"

Nikanyamaza. Yule ndiye aliyekuwa akitucheka kwa uoga wetu wa korona.

"Mimi nilimaliza Machi," akasema. "Toa hiyo pamba, inaacha nyuzi kwenye vidonge. Weka kopo ndani ya soksi."